Miti ya Mataifa Rafiki

Katika dunia hii hii, wala si mbali sana na hapo ulipoketi ukisoma, ipo nchi yenye marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Tunaiita nchi kwa sababu ndivyo inavyoitwa na mataifa mengi yaliyoitambua rasmi, na sisi wenyeji tumelelewa kuheshimu kauli za wageni. Kuna nchi zenye mipaka zisizo na marafiki. Sisi marafiki tunao. Suala la mipaka linaendelea kujadiliwa.

Hatuna bandari, hivyo hatuna Wizara ya Bandari. Uwanja wa ndege tuliwahi kuwa nao, lakini Jirani aliulima siku moja kwa mabomu, na tangu hapo tumeokoa gharama za kuufagia. Maji yaliyo chini ya ardhi, anga iliyo juu yake na barabara zilizo katikati vyote vinasimamiwa na Jirani huyo, ambaye kwa wema wake ametupunguzia majukumu. Lakini Wizara ya Mambo ya Nje tunayo, na ni nzuri mno. Ina ngazi za marumaru, ina bendera za marafiki wote, na ina Idara ya Upimaji wa Masikitiko, ambayo hatujasikia kwamba ipo kwingineko.

Kazi ya idara hiyo ni kupokea matamko ya mataifa kila nyumba zetu zinapobomolewa, na kuyapanga kwa uzito wake: taifa lililoguswa, lililosikitika, lililosikitika mno, lililolaani, na mwisho, juu kabisa, lililolaani kwa maneno makali. Ofisa mmoja wa idara aliwahi kulishawishi taifa fulani lihame kutoka "wasiwasi" hadi "wasiwasi mkubwa". Alipandishwa cheo akavishwa nishani. Nyumba iliyohusika ilikuwa ya shangazi yake.

Waziri wetu, Dakta Idarusi Mbwera, ni mtu anayeheshimika katika miji mikuu yote, isipokuwa wa kwetu, ambao haruhusiwi kuingia. Mwaka jana alitoka kuhutubia Baraza la Mataifa, ambako wajumbe walisimama wakampigia makofi mpaka mikono ikawawasha. Alipofika kwenye Lango, ambalo ndilo mlango pekee wa nchi yetu na ufunguo wake anao Jirani, aliamriwa asimame nyuma ya mama aliyebeba tenga la kuku.

"Wewe nani?" akauliza koplo wa Jirani, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado hazijaamua kumwota.

"Waziri wa Mambo ya Nje."

"Nje ya wapi?"

Waziri akaeleza kwa ufasaha, akitaja maazimio na vifungu. Koplo akasikiliza huku akitafuna bazoka, kisha akapitisha kuku kwanza, kwa sababu wangekufa kwa jua. Taarifa ya Wizara ilisema kwamba Waziri alifanya mazungumzo marefu na upande wa pili, na kwamba usalama wa chakula ulipewa kipaumbele.

*

Hapana budi sasa kueleza desturi iliyo kiini cha habari hii. Taifa linapotutambua, balozi wake hupanda mti. Hapo mwanzo miti ilipandwa mbele ya Wizara, katika Bustani ya Utambuzi. Marafiki walipozidi, bustani ikajaa, tukahamia uwanja wa mpira. Uwanja wa mpira ulipojaa, tukahamia malisho ya mbuzi. Tukajikuta kuwa taifa pekee linaloishiwa ardhi kutoka pande mbili kwa wakati mmoja: huku ikichukuliwa na Jirani, huku ikijazwa na marafiki.

Kanuni za miti hiyo zilitungwa na Mkuu wa Itifaki, Bwana Feruzi Mshangama, mtu mpole, mwenye suti moja nzuri. Kwa mujibu wake, mti wa rafiki ni sawa na ubalozi: ni mali ya taifa lililoupanda, wala hauguswi. Tawi likivunjika, ruhusa ya kulikata inaombwa kwa serikali husika. Matunda yake, kama yapo, ni ya wananchi wa taifa hilo. Na mti wa rafiki hauwekwi kwenye kivuli cha mti wa mwenyeji, isije ikaonekana kwamba mwenyeji anajikweza.

Malisho ya mbuzi yalipojaa, Bwana Feruzi alianza kutafuta ardhi nyingine, na ndipo alipofika kijiji cha Mkunguni, nyumbani kwa mjane aitwaye Bi. Salhina.

Shamba la Bi. Salhina lilikuwa la mikomamanga, iliyopandwa na baba mkwe wake. Juu yake, kilimani, Jirani alikuwa amejenga mji wa mapaa mekundu, na mji ule ulikuwa na tabia ya kuteremka. Wiki chache kabla, wapima ardhi wa Jirani walikuwa wamepaka alama nyekundu kwenye jiwe nyuma ya jiko lake. Mkunguni nzima ilijua maana yake.

"Shikamoo, Mama," akasema Bwana Feruzi mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Angalia viatu vyako, hapo pana tope."

Akaketi, akanywa kahawa, akaeleza shida yake. Kisha akaeleza faida.

"Mama, hakuna tingatinga duniani litakalothubutu kukanyaga mti wa Mfalme wa Bahari Baridi."

"Huyo mfalme atakuja mwenyewe?"

"Atamtuma balozi."

"Balozi ana askari?"

"Ana hati za utambulisho."

Bi. Salhina akamgeukia binti yake, Nuhaila, aliyekuwa akichambua dengu kwenye ungo. "Umesikia? Ana hati."

"Nimesikia, mama. Tingatinga likija, atalisomea."

Bwana Feruzi hakukasirika. Alikuwa hadanganyi, aliamini kila alichokisema, na sauti ya mtu anayeamini ina nguvu yake. Tena alikuwa na ushahidi. Uwanja wa mpira ulikuwa haujaguswa. Malisho ya mbuzi yalikuwa hayajaguswa. Hakuna aliyeuliza kama ni kwa sababu ya heshima au kwa sababu zamu yao ilikuwa bado.

Bi. Salhina aliliangalia lile jiwe kwa siku kadhaa, kila alipotoka kumwaga maji ya vyombo. Mwisho akakubali.

"Lakini shamba linabaki langu," alimwambia Bwana Feruzi.

"Ardhi ni yako, Mama. Miti tu ndiyo ya wenyewe."

*

Mikomamanga ilikatwa kwa sababu ya kanuni ya kivuli. Bi. Salhina aliomba mmoja usazwe, ule uliokuwa chini ya dirisha la jiko, ambao marehemu mumewe aliupanda mwaka waliooana. Bwana Feruzi akatoa kamba, akapima kivuli chake mchana kutwa, akijongea pamoja nacho kwa subira kubwa. Alasiri kivuli kiligusa mahali palipotengwa kwa ajili ya Jamhuri ya Milima ya Mbali.

"Kwa shibiri moja tu," akasema Nuhaila.

"Ndiyo, dada yangu, lakini ni shibiri ya dola huru."

"Tuukate kilele basi."

Bwana Feruzi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Kivuli cha mti uliokatwa kilele huonekana cha dharau zaidi."

Mti ukakatwa. Nuhaila akaokota kitawi kimoja, akakichomeka kwenye kopo tupu la maziwa ya unga lililojazwa udongo wa palepale, akaliweka nyuma ya mtungi.

Sherehe ya kupanda ilifana. Kila balozi alipewa jembe jipya lenye utepe. Balozi wa Ufalme wa Bahari Baridi alipanda msonobari, mti wa kwao kwenye barafu, kisha akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu!" alisema. "Mbele yenu hamwoni mti. Mnaona azma! Mizizi hii ni neno letu. Shina hili ni neno letu. Na majani haya, yasiyopukutika kiangazi wala masika, ni neno letu vilevile!"

Makofi yakapigwa. Bi. Salhina, aliyeketishwa mstari wa mbele kama mwenye shamba, akanyanyua mkono. Bwana Feruzi alimkonyeza ateremshe, lakini mkalimani alikuwa ameshamwona.

"Muulizeni Mheshimiwa," akasema Bi. Salhina, "wale wa kilimani wakija kubomoa, yeye na mfalme wake watafanya nini huko kwao?"

Mkalimani na balozi wakanong'onezana kwa muda.

"Mheshimiwa Balozi anasema swali lako limemgusa."

"Limemgusa tu?" akadakia Nuhaila kutoka nyuma, kwani vyeo vya Idara ya Upimaji wa Masikitiko vilijulikana hata vijijini. "Halijamsikitisha?"

Watu wakacheka, na balozi naye akacheka, akidhani amesifiwa. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu anayejali, kama msonobari wake utapata theluji. Bwana Feruzi akamhakikishia kwamba Serikali inalishughulikia. Mabalozi waliondoka kabla ya pilau kuiva, kwa sababu Lango hufungwa mapema.

*

Hatutaki msomaji adhani kwamba Bi. Salhina aliishi miaka ile kwa majonzi. Miti ya mataifa ilimkaa moyoni. Alijua upi unapenda kivuli na upi unaumwa na upepo. Maji ya kisima yalipopungua, kwa kuwa Jirani alikuwa ameyaelekeza kwenye mabwawa ya kuogelea ya kilimani, alipunguza ya kufulia, kisha ya kupikia, na msonobari ukanywa. Alifuta vibao vya shaba kwa majivu na ndimu mpaka majina ya mataifa yakang'aa. Wageni wa Serikali walipokuja kupigwa picha, yeye ndiye aliyewatembeza.

"Balozi Salhina!" wanawake wenzake walimtania kisimani. "Leo umeamka na taifa gani?"

"Leo nina Bahari Baridi. Majani yamekuwa ya manjano."

"Mpe uji!"

"Nimpe uji, halafu mfalme aniulize nani kaniruhusu?"

Nuhaila alikuwa akimwambia, "Mama, walau tupande maharage katikati." Bi. Salhina alikataa. Bwana Feruzi alikuwa amemweleza kwamba kupanda maharage kwenye uwanja wa ubalozi ni kosa, na yeye hakuwa mtu wa kuwaaibisha wageni. Alama nyekundu kwenye jiwe ilianza kufifia kwa mvua. Msimu wa kwanza ukapita, na wa pili, na wa tatu. Tingatinga halikuja.

Alikuja ofisa wa Jirani, kapteni mwenye miwani na adabu. Aliitikia salamu, akavua kofia, akatembea katikati ya miti akisoma vibao kimoja baada ya kingine kwa heshima.

"Miti mizuri," alisema. "Ya nani?"

"Ya mataifa rafiki," akajibu Bi. Salhina kwa fahari.

"Yote?"

"Yote. Hakuna hata mmoja wangu."

Kapteni akashukuru, akavaa kofia yake, akaenda zake.

*

Sheria ya Jirani kuhusu ardhi yetu ni fupi. Inasema kwamba shamba ambalo mwenyewe hakulilima kwa misimu mitatu mfululizo ni shamba lisilo na mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe ni cha Jirani. Kesi ilisikilizwa katika mahakama yake, mbele ya hakimu wake, kwa lugha yake. Wizara yetu ilimtuma wakili bora kabisa iliyekuwa naye.

Wakili alizungumza asubuhi nzima. Alithibitisha, kwa mikataba na desturi za kale, kwamba miti ile ni mali halali ya dola zilizoipanda. Kwamba haikuwa, haijawa, wala haitakuwa mali ya Bi. Salhina, na kwamba Bi. Salhina hajawahi kuchuma hata jani. Bwana Feruzi, aliyeketi nyuma, alifumba macho kwa raha.

Hakimu akamwita Bi. Salhina, akamhoji kupitia mkalimani.

"Mama, katika misimu hii mitatu umevuna nini shambani?"

"Sikuvuna, bwana. Nilimwagilia."

"Kwa nini hukuvuna?"

"Miti ya watu, bwana. Nivune cha mtu?"

"Na yako mwenyewe, umepanda nini?"

Bi. Salhina akamtazama wakili. Wakili akatabasamu kumtia moyo.

"Sikupanda. Kungekuwa kuwakosea wageni."

Hakimu alisoma hukumu pale pale. Alikubali hoja za Wizara zote, kikamilifu, bila kuondoa hata moja. Ilikuwa ni mara ya kwanza mahakama ya Jirani kukubaliana nasi kwa jambo lolote, na wakili wetu alishikana mikono na watu kadhaa kabla hajafahamu kilichotokea. Miti ni ya mataifa rafiki na lazima iheshimiwe. Shamba halikulimwa na mwenyewe. Kwa hiyo halina mwenyewe.

Nuhaila alimshika mama yake mkono. "Mama, tumeshindwa."

"Tumeshindwaje? Si amesema wakili wetu amesema kweli?"

*

Siku ya kuhamisha miti, Jirani alileta wataalamu wenye glavu. Walichimba kwa sepetu ndogo, wakaizunguka mizizi kama madaktari. Kila mti ulifungwa kwa magunia mabichi, ukalazwa kwenye lori lenye godoro, kibao chake kikatangulia. Ilikuwa inapelekwa kwenye hifadhi kubwa upande wa pili wa Lango, yenye mabomba ya maji na, kwa ajili ya msonobari, chumba cha baridi.

Bi. Salhina alikuwa akienda huku na huko katikati yao.

"Lowesheni hilo gunia tena! Huo ukikauka saa moja tu umekufa. Si hivyo, baba, shika chini, shika chini!"

Nyuma yake tingatinga lilikuwa limewashwa, likisubiri kwa ustaarabu miti imalizike. Lori la mwisho lilipoondoka, lilianza na jiko. Ukuta wa dirisha ulianguka kwa ndani. Nuhaila aliwahi kutoka na magodoro, Kurani, sufuria mbili, na lile kopo la maziwa ya unga. Vilivyobaki vilibaki.

Bi. Salhina hakugeuka kutazama. Alikuwa akilifuata lori la msonobari kwa miguu, akiwa na ndoo ya maji, mpaka Langoni. Malori hayakusimamishwa. Askari walivipigia vibao saluti, kimoja kimoja. Yeye alipofika, koplo, yule yule wa bazoka, akanyoosha mkono kumzuia.

"Wapi?"

"Naifuata miti. Hawajui kuimwagilia."

"Miti ina vibao," akasema koplo. "Wewe huna."

Akarudi na ndoo yake, maji yakiwa yamo.

Ni lazima tukiri kwamba mataifa rafiki hayakukaa kimya. Mengi yalituma shukrani kwa namna miti yao ilivyotunzwa. Na ilipogundulika kwamba tawi moja la msonobari lilivunjika safarini, Ufalme wa Bahari Baridi ulilaani kwa maneno makali. Idara ya Upimaji wa Masikitiko haikuwa imewahi kupokea tamko la daraja hilo. Watumishi walikumbatiana kwenye ngazi za marumaru. Jirani aliomba radhi siku ile ile, akaajiri mtunza bustani. Dakta Idarusi aliitisha waandishi wa habari, akaeleza kwamba diplomasia yetu imethibitika kuwa na meno, kwani kwa mara ya kwanza Jirani ameinama mbele ya sauti ya ulimwengu. Kuhusu nyumba aliulizwa, akasema kwamba suala hilo limo kwenye ajenda.

*

Bi. Salhina na binti yake wanaishi sasa kwenye hema. Ni hema imara, jeupe, na ubavuni limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni zawadi ya watu wa Ufalme wa Bahari Baridi. Kitawi cha mkomamanga kimeshika. Kina majani machache, mekundu kwenye ncha kama yalivyo majani ya mkomamanga yanapotoka. Maji ya udhu hayamwagwi ovyo. Hukingwa kwenye bakuli, yakapelekwa koponi.

Majuzi taifa jingine limetutambua, visiwa vya mbali kusini ambavyo hata Bwana Feruzi alilazimika kuvitafuta kwenye ramani. Balozi wake yuko njiani na mche. Bwana Feruzi alizunguka nchi nzima, yaani alitembea mpaka mchana, hakupata pa kuupanda. Akafika hemani. Suti yake ilikuwa imechanika kiwiko.

"Shikamoo, Mama."

Bi. Salhina alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kopo mbele yake. "Marahaba."

Bwana Feruzi alizungumza habari za afya, za mvua, za Nuhaila. Macho yake yalikuwa kwenye kopo.

"Udongo huo, Mama, ni wa Mkunguni?"

"Wa chini ya dirisha la jiko."

"Basi ndio pekee tuliobaki nao wenye uhakika." Akachuchumaa. "Balozi ana mche mdogo sana, kama kidole. Hicho kitawi tungekihamishia mahali pengine kwa muda, halafu—"

"Mahali gani?" akauliza Nuhaila.

Bwana Feruzi alilikagua hema kwa macho. Alinyoosha mkono, si kunyakua, alitaka tu kupima kivuli. Bi. Salhina akalivuta kopo, akalibana katikati ya miguu yake, akalifunika kwa upindo wa kanga.

"Huu una mwenyewe," akasema.

"Mama, mimi sisemi—"

"Kamwambie na hakimu. Aliniuliza nimevuna nini. Mwambie nangoja."

Bwana Feruzi alichezea uzi wa kiwiko chake. Kisha akainuka, akaomba radhi, akaondoka. Katika ripoti yake aliandika kwamba mazungumzo kuhusu ardhi yalifanyika kwa uwazi na kwa moyo wa kirafiki, lakini upande wa pili ulishikilia msimamo wake.

Mche wa visiwa vya kusini utapandwa leo kwenye beseni, juu ya ngazi za marumaru, na wimbo wa taifa utapigwa. Bi. Salhina amealikwa kwa barua yenye nembo. Hatakwenda. Saa hizi jua huwa limehamia nyuma ya hema, na kopo linahitaji kusogezwa.